Jina Moja, Watu Wawili

Juma hili sina budi kuanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe, maana bila hilo hamtajua kwa nini nimeshughulika na habari nitakazozieleza hapa.

Nilikuwa karani mpya katika ofisi moja ya wilaya. Nilikuwa nimetoka shule ya misheni na cheti changu mfukoni, suruali imepigwa pasi, na moyoni nikiamini kwamba hapana kazi ya kalamu na karatasi itakayonishinda. Siku moja nikapewa orodha ya watu ambao mashamba yao yalikatwa na barabara mpya, nikaambiwa niandike bahasha za hundi zao za fidia. Orodha ile ilikuwa na majina tu. Namba za vitambulisho hazikuwamo, wala mimi sikuziuliza. Anwani nilizitafuta katika kitabu cha ofisi. Niliimaliza kazi kabla ya saa sita, nikaenda kunywa chai.

Miezi minane ikapita. Asubuhi moja akaingia mzee mwenye koti zito na fimbo mkononi. Nilimpa kiti, hakuketi. Akasema, "Mwanangu karani, barabara imepita shambani kwangu, nimeiona kwa macho. Nimekuja kuuliza fedha zimepita wapi." Nikafungua jalada, nikamwonyesha jina lake, na pembeni alama ya kwamba amekwisha kulipwa. Nikamweleza hayo kwa ile sauti ya kiofisi ambayo makarani wachanga hujifunza mapema kuliko kazi yenyewe. Mzee akalitazama jina, akanitazama mimi, akasema, "Jina ni langu, lakini huyo aliyelipwa si mimi."

Kumbe alisema kweli tupu. Ng'ambo ya mto alikaa mzee mwingine ambaye majina yake matatu yalikuwa yale yale, herufi kwa herufi: la ubatizo, la kwake mwenyewe, na la baba yake. Nami nilikuwa nimeandika sanduku la posta la huyo wa ng'ambo. Yeye alikuwa akingoja malipo ya kahawa, basi hundi ilipofika alimshukuru Mungu, akalipa karo ya binti yake, na zilizobaki akanunua mabati. Fedha zilikuwa zimekwisha kugeuka kuwa nyumba na elimu, na elimu haivunjwi ikarudishwa dukani.

Mwisho wa jambo hilo nitausimulia baadaye. Nililotaka kusema ni kwamba tangu siku ile nimekuwa mtu wa kukusanya habari za watu wenye jina moja, kama wengine wanavyokusanya stempu.

Watu wa pwani wana neno kwa mtu mwenye jina kama lako: humwita wajina wako, au somo yako. Sisi wa bara tumezoea kwamba somo ni jambo la darasani, kwa hiyo mtu wa Lamu akikuambia, "Fulani ni somo yangu," usimwulize ni la hesabu au la historia. Wala si ajabu kwamba nchi yetu imejaa wajina. Kwa desturi ya Wakikuyu, mwana wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, na wa pili jina la babu yake mzaa mama. Basi ndugu watatu wakioa na kila mmoja akapata mwana, ukoo huo una vijana watatu wa jina moja, na bibi akiita uani wote watatu huitika, isipokuwa anapowaita kazini, hapo haitiki hata mmoja. Waluo nao huitazama saa: aliyezaliwa usiku ni Otieno, wa alfajiri ni Omondi, wa asubuhi jua likipanda ni Onyango. Nani awezaye kuwahesabu wote waliozaliwa usiku? Kisha wamisionari wakaja na majina ya Biblia, nayo yanayopendwa si mengi. Katika darasa letu walikuwamo akina Yosefu watano, na mwalimu wetu aliwapa namba, Yosefu wa Kwanza hadi wa Tano, kama wafalme wa Ulaya.

Unguja hawakutumia namba, walitumia "bin", nalo lilitosha. Sultani Khalifa bin Said alitawala toka 1888 hata 1890. Sultani Khalifa bin Harub alitawala toka 1911 hata 1960. Mzee akikuambia kwamba jambo fulani lilitokea zamani za Sultani Khalifa, uliza jina la baba, maana mmoja alitawala miaka miwili na mwingine miaka 49. Vivyo hivyo wako akina Ali wawili, Ali bin Said aliyekufa 1893 na Ali bin Hamud aliyekalia kiti toka 1902 hata 1911.

Namba nazo zina hatari yake, na hapa mimi kama karani nafurahi kidogo kuona kwamba wakubwa kuliko mimi walikosea. Mwaka 1276 alichaguliwa Papa mmoja kutoka Ureno, mtu wa elimu nyingi, naye akajiita Yohana wa 21. Sasa mtafute Yohana wa 20. Tafuta katika orodha yote ya mapapa, toka mwanzo hata leo: hayumo, wala hakupata kuwako. Hesabu ya akina Yohana wa kale ilikuwa imevurugika katika orodha za waandishi, na mgeni huyo akaruka namba moja. Hakudumu. Mwaka uliofuata dari ya chumba chake huko Viterbo ilimwangukia akafa. Lakini namba ikabaki hivyo hivyo. Hapana aliyerudi nyuma kuisahihisha.

Tena baada ya hapo, mwaka 1410, zamani Kanisa lilipogawanyika na watu watatu kila mmoja akidai kuwa ndiye Papa, mmoja wao, Baldassare Cossa, alijiita Yohana wa 23. Mwaka 1415 mkutano mkuu wa Kanisa uliokuwa Constance ukamwondoa. Jina la Yohana likaogopwa, na kwa muda wa miaka zaidi ya 500 hapana Papa aliyelitwaa. Hata mwezi wa Oktoba 1958 akachaguliwa Kardinali Angelo Roncalli, mwana wa wakulima, akasema atakuwa Yohana, kwa sababu ni jina la baba yake na la kanisa alimobatizwa. Naye akawa wa 23. Maana yake Cossa hahesabiwi. Lakini nendeni Florence mkaone: kaburi la Cossa lipo katika jengo la ubatizo la mji huo, na maandishi yake yanamwita Yohana wa 23, aliyekuwa papa. Jalada moja, watu wawili, na wote wawili wamepigwa mhuri.

Kosa la namba ni la kucheka. Kosa la jina laweza kuua mtu, na ushahidi wake ni wa kale.

Tarehe 15 Machi mwaka 44 kabla ya kuzaliwa Kristo, Julius Caesar aliuawa Roma kwa majambia ya wakubwa wenzake. Mtu mmoja mwenye cheo, Lucius Cornelius Cinna, akasimama mbele ya watu akamsema marehemu kwa maneno makali. Watu wakaliweka jina la Cinna moyoni. Sasa katika mji huo huo alikuwako Cinna mwingine, Gaius Helvius Cinna, mtunga mashairi, naye alikuwa rafiki wa Caesar. Plutarch, mwandishi Myunani aliyeandika miaka mingi baadaye, asimulia kwamba mshairi huyu usiku aliota ndoto: Caesar anamkaribisha chakula cha jioni, yeye anakataa, na Caesar anamshika mkono na kumvuta kwa nguvu. Aliamka ana homa. Walakini aliposikia kwamba mwili wa rafiki yake unachomwa uwanjani, aliona haya kukaa nyumbani, akavaa, akatoka kwenda kumpa heshima ya mwisho.

Uwanjani watu walikuwa wamekwisha kupandwa na hasira. Mmoja akamwuliza jirani yake, "Huyu ni nani?" Akajibiwa, "Cinna." Neno likapita toka mtu hata mtu, na kabla halijafika mwisho wa uwanja likawa si jina tena bali hukumu. Wakamrukia, wakamwua, na mwandishi mwingine, Suetonius, asema kwamba kichwa chake kilitungikwa juu ya mkuki kikazungushwa mjini. Rafiki wa marehemu aliuawa na rafiki wenzake wa marehemu, katika mazishi ya marehemu. Katika umati ule hapana hata mmoja aliyeuliza, Cinna yupi? Mwana wa nani?

Wengi wenu mmeikuta habari hiyo katika tamthilia ya Shakespeare, ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitia katika Kiswahili mwaka 1963. Julius kumtafsiri Julius! Naye alizaliwa Kambarage, na jina la Julius alilipata kwa ubatizo mwaka 1943, akiwa kijana mkubwa.

Nikitaka kuutuliza moyo baada ya habari ya Cinna, hurudi kwa waungwana wawili walioitwa Winston Churchill. Mmoja wao mnamjua. Mwingine, nadhani, wengi hamjapata kumsikia, na hapo ndipo penye utamu.

Yule msiyemjua ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Alizaliwa St. Louis, Marekani, tarehe 10 Novemba 1871, akasoma katika chuo cha maofisa wa meli za vita, kisha akaacha bahari akawa mwandishi wa hadithi. Mwingereza alizaliwa tarehe 30 Novemba 1874, akasoma chuo cha maofisa wa jeshi la nchi kavu, naye pia akashika kalamu. Mwaka 1899 Mmarekani alitoa kitabu chake kiitwacho Richard Carvel, nacho kikanunuliwa kama maandazi ya moto. Mwaka ule ule Mwingereza alikuwa akitoa hadithi yake ya kwanza, Savrola, kipande kwa kipande katika gazeti moja la mwezi la London. Watu wakaanza kumpongeza Mwingereza kwa hadithi yake nzuri. Akafurahi. Mtu gani asiyefurahi? Baadaye ndipo alipotambua kwamba hadithi wanayoisifu si yake.

Sasa tazameni alivyofanya. Kijana huyu alikuwa na miaka 24, mwana wa ukoo mkubwa, mjukuu wa Duke, wala hakuwa maarufu kwa unyenyekevu. Angeweza kununa, au kutafuta wakili. Yeye mwezi wa Juni 1899 aliandika barua ya adabu kwenda Marekani, na kwa mzaha akaiandika yote kana kwamba anawasema watu wengine: Bwana Churchill akimsalimu Bwana Churchill, na Bwana Churchill akimwarifu Bwana Churchill kwamba majina yao yatawachanganya wasomaji. Kisha akatoa shauri. Yeye ana jina la ziada, Spencer. Basi toka sasa vitabu vyake vyote atavitia sahihi ya Winston Spencer Churchill. Tena kila mmoja wao atie katika vitabu vyake tangazo fupi la kuwaeleza watu nani ameandika nini.

Mmarekani alijibu kabla mwezi haujaisha, kwa adabu ile ile. Alishukuru, akakubali, akasema kwamba kama yeye angalikuwa na jina jingine lolote hapo katikati, angalilitumia. Lakini hakuwa nalo.

Katika Desemba 1900 Mwingereza alifika Boston kutoa hotuba juu ya vita vya Makaburu, ambavyo alikuwa amevishuhudia, akatekwa, akatoroka. Wajina wawili wakakutana. Mmarekani akamfanyia karamu. Mwingereza aliandika baadaye kwamba katika mji ule barua zake zote zilipelekwa kwa mwenzake, na hesabu ya chakula cha karamu ikaletwa kwake. Nilipoisoma habari hiyo nilifarijika sana. Nilimwona karani mwenzangu wa Boston amekaa mezani, ameandika bahasha zake upesi upesi, ameenda kunywa chai.

Yasimuliwa kwamba walipokuwa wakitembea mjini, Mwingereza alimwambia mwenzake aingie katika siasa: yeye mwenyewe anakusudia kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, na lingekuwa jambo la kuchekesha kama mwenzake angekuwa Rais wa Marekani wakati ule ule. Mmarekani aliingia kweli. Alichaguliwa katika baraza la jimbo la New Hampshire mwaka 1902, akajaribu kuwa gavana wa jimbo mwaka 1906 na tena mwaka 1912, akashindwa mara zote mbili. Vitabu vyake viliendelea kupendwa. Kile kiitwacho The Crisis, habari ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ndicho kilichonunuliwa kuliko hadithi zote nchini mwake mwaka 1901. Kisha taratibu akaacha kuandika, akakaa kimya na kupaka rangi picha, na mwaka 1947 akafa huko Florida.

Mwenzake mwaka 1907 alikuwa amepita hapa kwetu, akiwa naibu wa waziri wa makoloni, akashuka Mombasa, akapanda gari la moshi mpaka ziwani, akaendelea Uganda, na mwaka 1908 akatoa kitabu cha safari hiyo. Mwaka 1940 akawa Waziri Mkuu kama alivyosema. Mwaka 1953 akapewa zawadi ya Nobel, si ya amani wala ya vita, bali ya uandishi. Basi kati ya wajina wawili, yule aliyekuwa mwandishi hakuipata zawadi ya waandishi. Mwingereza alikufa mwaka 1965, na mpaka mwisho vitabu vyake vilitoka na ile herufi S katikati ya jina. Mwaka 1899 aliitia ili asifikiriwe kuwa mtu maarufu kuliko yeye. Baadaye dunia nzima ikamjua yeye peke yake, na herufi ile haikuwa na kazi tena, lakini hakuiondoa. Alikuwa ameahidi. Mimi kwa herufi hiyo moja namheshimu kuliko kwa hotuba zake nyingi, ingawa najua kwamba katika nchi hii wako wenye sababu nzuri za kumkumbuka kwa mambo mengine.

Hao walikuwa wajina wa bahati tu. Wako wajina wengine wa makusudi, waliolitafuta jina la mtu wakalivaa.

Mwaka 1929 huko Atlanta, Marekani, alizaliwa mtoto akaandikwa Michael King, jina la baba yake, aliyekuwa mchungaji wa Wabaptisti. Mwaka 1934 baba huyo alisafiri mpaka Berlin kwa mkutano wa Wabaptisti wa dunia. Huko alikuwa katika nchi ya Martin Luther, yule mtawa aliyeleta mageuzi ya Kanisa. Aliporudi nyumbani akajiita Martin Luther King, na mwanawe wa miaka mitano akamgeuza vivyo hivyo. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto hakikusahihishwa mpaka mwaka 1957, yaani kwa miaka 28 serikali ilimjua kuwa Michael, naye wakati huo alikuwa amekwisha kuongoza mgomo wa mabasi wa Montgomery na kujulikana pande zote.

Lakini Luther naye jina la Martin hakulitoa hewani. Alizaliwa tarehe 10 Novemba 1483, akabatizwa kesho yake, sikukuu ya Mtakatifu Martin wa Tours, akapewa jina la siku. Na Martin wa Tours alikuwa askari wa Kirumi wa karne ya 4, ambaye husimuliwa kwamba alikata vazi lake vipande viwili kwa upanga akampa maskini kipande kimoja. Askari akampa mtawa, mtawa akampa mchungaji mweusi wa Atlanta aliyeuawa Memphis tarehe 4 Aprili 1968. Jina hilo lilitembea miaka zaidi ya 1,500, kama kijiti cha mbio kinavyopokezanwa na watu wasioonana nyuso.

Na wako waliolikataa jina walilopewa. Cassius Marcellus Clay wa Kentucky, aliyezaliwa 1810, alikuwa tajiri mwenye mashamba aliyewaacha huru watumwa wake mwaka 1844, na mwaka uliofuata akaanzisha gazeti la kupinga utumwa katikati ya wenye watumwa. Watu weusi wa Kentucky walilikumbuka jina lake, na kwa heshima yake mtoto mmoja akaitwa hivyo, naye akampa mwanawe aliyezaliwa Louisville mwaka 1942. Mwana huyo akawa bingwa wa ngumi wa dunia mwezi wa Februari 1964, na siku chache baadaye akatangaza kwamba Cassius Clay ni jina la utumwa, hataki kuitwa nalo tena. Ataitwa Muhammad Ali. Wako waliomlaumu kwamba amelitupa jina la mtu aliyewafungulia wenzake minyororo. Mimi siwezi kumlaumu. Jina la mfunguaji wa minyororo hukumbusha pia minyororo.

Hata hivyo hakuukimbia ujina. Aliingia tu katika nyumba nyingine yenye watu wengi: Muhammad Ali aliyetawala Misri toka 1805 hata 1848, Muhammad Ali Jinnah aliyeiasisi Pakistani mwaka 1947, na maelfu wengine sokoni na misikitini, toka Mombasa mpaka Lahore. Lakini Februari 1980, alipofika Nairobi akiwa ametumwa na Rais Carter kuzishauri nchi zisiende michezo ya Olimpiki ya Moscow, sidhani kwamba alikuwako mtu aliyeuliza ni Muhammad Ali yupi.

Sasa nirudi kwa wazee wangu.

Nilimwandikia yule wa ng'ambo, safari hii nikiisoma bahasha mara tatu, nikamwomba afike ofisini. Alifika na risiti za mabati na za karo, zote zimefungwa ndani ya kitambaa. Nilipomweleza, alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba kweli alishangaa kahawa kulipa vizuri namna ile, lakini alidhani bei imepanda. Mkubwa wangu alisema kwamba jambo likishindikana itabidi liende mahakamani. Mwenye shamba la barabarani akakataa. Alisema, "Nikimshitaki huyu, karani wa mahakama ataandika jina langu juu, tena ataandika jina langu chini. Watu watasema mzee ameingiwa na wazimu, amejishitaki mwenyewe." Wakacheka wote wawili. Mimi sikuthubutu kucheka.

Walipatana wenyewe, pale pale, mbele yangu: mtamba mmoja mara moja, na fedha kidogo kila msimu wa kahawa mpaka deni liishe. Nilipoketi kuandika mapatano nikaona kwamba mzee alisema kweli, maana karatasi ilisomeka kama mtu anayejidai deni. Hapo yule wa ng'ambo, aliyekuwa mdogo kwa miaka miwili, akasema yeye ataongeza jina la babu yake mwishoni, na tangu siku ile ndivyo anavyoandikwa katika kila karatasi, hata katika kitabu cha chama cha kahawa.

Deni liliisha zamani. Nami mwaka jana nilikutana naye sokoni, akanipa habari za yule binti aliyesomeshwa kwa fedha za barabara. Ni mwalimu sasa, ameolewa, na mwana wake wa pili amepewa, kama ilivyo desturi, jina la babu mzaa mama. Habari zilipovuka mto, yule mzee mwingine akatuma mbuzi. Alisema kwamba mtoto amepewa jina lake.